Sura ya Sita: Tungo Ndefu na Amana ya Utepe

Kisiwa cha Mafia hakikujaliwa studio ya kurekodi muziki wala kiwanda cha santuri, na bendi kubwa za dansi zilizojaza kumbi za Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Tabora zilijulikana kwa watu wake kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Lakini sauti yenyewe ilifika, tena ilifika timamu, kwa sababu mawimbi ya redio ya masafa ya kati husafiri vyema zaidi juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya nchi kavu, na baina ya Dar es Salaam na Kilindoni, umbali wa kilomita zipatazo 130, sehemu kubwa ya njia ni bahari. Mtu wa Kilindoni, wa Baleni au wa Kirongwe aliyekuwa na redio ya mkono na mawe mapya ndani yake alikuwa na bendi nzima barazani kwake. Na mawe yakianza kuchoka, yalitolewa yakaanikwa juani mchana kutwa ili yapate nguvu ya kumaliza japo wimbo mmoja wa usiku.

Nasema wimbo mmoja kwa kusudi. Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980, kama ulivyorekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, aghalabu ulichukua dakika saba, nane, hata kumi. Ulianza kwa mwendo wa taratibu, ukaeleza kisa chake beti kwa beti, kisha katikati ukageuka na kuingia katika chemko, na humo ndani ya chemko magitaa na ala za kupuliza zikapokezana zamu mpaka msikilizaji akasahau kama kisa cha mwanzo kilikuwa cha talaka, cha msiba au cha deni. Utungo wa namna hiyo ukikatwa umeuawa. Azma yangu katika sura hii ni kueleza ni kwa sababu gani tungo hizo zimetufikia zikiwa nzima, ilhali nyingi za jinsi yake katika pembe nyingine za dunia zilifika vipande vipande, au zilikaa gizani miaka mingi kabla ya kusikika. Na jawabu, kwa itikadi yangu, ni kwamba utungo mrefu huhifadhika pale ambapo mwenye studio hakuanza kwa kuuliza utauzwaje.

Mtu wa pwani hakuhitaji kufundishwa kusikiliza kitu kirefu. Amelelewa katika maulidi ya Barzanji yanayoanza baada ya sala ya isha na kuwapeleka watu mpaka usiku mkubwa. Amesikia tenzi zenye mamia ya beti zikighaniwa kwa sauti moja, bila pupa, na mwenye kughani akijua kwamba hapana atakayeondoka kabla ya dua ya mwisho. Kwa hiyo wimbo wa dakika kumi haukumwelemea. Ulimkuta amekwisha kukaa mkao wake.

Walakini chombo cha kuhifadhia sauti hakikuumbwa kwa mazoea hayo. Santuri ya kale, ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba katika upande mmoja dakika tatu hivi ikiwa ni ya inchi kumi, na dakika nne au zaidi kidogo ikiwa ni ya inchi kumi na mbili. Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, wakawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa Afrika ya Mashariki kuingia katika santuri. Na wale waliozoea kumsikia usiku kucha, akiurudia ubeti uliowagusa watu na kuziacha udi na fidla zitafute njia ya kurudi, wakapewa nyimbo zake zikiwa zimebanwa katika upande wa sahani. Sauti ilikuwa ileile, na heshima iliyomletea haina kifani mpaka leo. Lakini mwendo wa taarabu, ambao ni mwendo wa watu wasioharakishwa na mtu, ulibaki nje ya mlango wa studio.

Dhiki hiyohiyo ilimkabili, upande wa pili wa dunia, Duke Ellington wa Marekani, kiongozi wa okestra ya jazi aliyezaliwa Washington mwaka 1899, ambaye sidhani kama yupo kiongozi wa bendi wa karne iliyopita aliyeitafuta nafasi ya tungo ndefu kwa bidii kumshinda. Mwaka 1931 alitoa Creole Rhapsody ikiwa imegawanywa juu ya pande mbili za santuri. Mwaka 1935, baada ya kufiwa na mama yake, alitunga Reminiscing in Tempo, maombolezo ya dakika kumi na tatu hivi yaliyohitaji pande nne, hata msikilizaji ikambidi ainuke kugeuza na kubadili sahani mara tatu kabla huzuni haijamalizika. Tarehe 23 Januari 1943, ndani ya ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, aliongoza Black, Brown and Beige, utungo wa takriban dakika arobaini na tano unaosimulia kwa ala safari ya watu weusi wa Marekani tangu enzi ya utumwa. Wahakiki wengi waliupokea kwa ubaridi, na kampuni ya santuri iliyomrekodi mwishoni mwa mwaka 1944 ilichukua sehemu chache tu za utungo huo, zisizofika nusu yake. Rekodi ya usiku ule wa Carnegie Hall ilitolewa kwa umma mwaka 1977, miaka mitatu baada ya mtunzi mwenyewe kufariki dunia.

Kwetu nako santuri ilitoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alirekodiwa na Assanand & Sons wa Mombasa kwa chapa yao ya Mzuri, na lau si santuri hizo, watoto waliozaliwa baada ya ajali iliyomuua mwaka 1965 wasingalimjua; lakini kila utungo wake wa miaka hiyo ulipimwa kwa kipimo cha sahani. Katika mji huohuo wa Morogoro akainuka Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mzaliwa wa Mzenga katika Kisarawe mwaka 1944, aliyeingia Morogoro Jazz Band akiwa kijana na kuipa bendi hiyo gitaa ambalo hata asiyejua jina la mpigaji hulitambua katika vipimo vichache vya mwanzo. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka akaiacha na kuanzisha Super Volcano. Na tarehe 12 Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa, hajatimiza miaka thelathini na mitano.

Nyingi za nyimbo za Mbaraka alizorekodi Nairobi zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45. Aliyepata kuishika santuri ya aina hiyo mkononi anakumbuka maandishi ya kibandiko chake: upande wa kwanza, jina la wimbo na neno Sehemu ya Kwanza, upande wa pili, jina lilelile na neno Sehemu ya Pili. Fundi alikuwa akishusha sauti taratibu pale ambapo waimbaji wamemaliza kisa na gitaa linaanza kushika moto, kisha upande wa pili ukaipandisha tena sauti hiyo kutoka kimya. Bendi yenyewe haikupumzika hapo studioni. Aliyepumzika ni msikilizaji, tena bila kupenda. Na mwenye santuri iliyochakaa upande mmoja aliishi miaka na nusu ya wimbo.

Sasa tutazame studio ya redio, iliyokuwa na desturi nyingine. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Na mwaka 1965 serikali ikaligeuza kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wasikilizaji waliizoea kwa herufi zake tatu, RTD. Studio zake zilikuwa katika Barabara ya Pugu, inayoitwa leo Barabara ya Nyerere. Nchi haikuwa na kiwanda cha kupiga chapa santuri, na redio ilihitaji muziki wa nyumbani wa kujaza saa zake. Basi bendi ziliitwa studioni, zikapanga vyombo vyao chumbani, wanamuziki wakapiga wote kwa pamoja kama wapigavyo ukumbini, na fundi mitambo akanasa kila kitu juu ya utepe wa sumaku. Rili kubwa la inchi kumi na nusu, likizungushwa kwa mwendo wa inchi saba na nusu kwa sekunde, hubeba takriban saa nzima ya sauti. Mbele ya rili la namna hiyo hapakuwa na sababu ya kumwambia mpiga gitaa anyamaze katika dakika ya tatu.

Siandiki haya kwa kuisafisha redio ya dola na kasoro zake. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla hayajaimbwa, na malipo ya kurekodi yalikuwa madogo, jambo ambalo wanamuziki wa zama hizo wamelilalamikia kwa haki; tena wengi wao walikuwa waajiriwa wa taasisi, maana NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na vyombo walivyopigia havikuwa vyao. Lakini insafu yataka tuseme na la pili: studio hiyohiyo iliyoyashika maneno kwa mkono wa mlezi mkali iliziachia lahani zipumue. Mpaka baina ya Tanzania na Kenya ulipofungwa Februari 1977, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka huo, njia ya kwenda Nairobi ikawa nyembamba kwa bendi nyingi, na utepe wa RTD ukabaki karibu kuwa hazina ya pekee ya muziki wa dansi wa miaka iliyofuata. Kwa hiyo mtu akitaka kujua uwezo halisi wa viongozi wa bendi wa zama hizo asitosheke na santuri. Sharti aende kwenye rili.

Chukua, mathalani, Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupewa jina la mtindo wake, Sikinde, kutokana na ngoma ya Wazaramo. Kiongozi wake, Michael Enoch, alikuwa ametoka Dar es Salaam Jazz, bendi ambayo mizizi yake yafika miaka ya 1930. Alijua gitaa, alijua saksafoni, na zaidi ya hayo alijua kupanga. Pembeni yake walikuwa Muhidin Maalim Gurumo, mwenye sauti nzito ya mtu mzima anayetoa ushahidi, na Hassan Rehani Bitchuka, ambaye sauti yake hupanda juu ya ile ya Gurumo bila kuifunika. Kulikuwa na Cosmas Chidumule, mtunzi na mwimbaji. Na magitaa yalikuwa mikononi mwa watu kama Abel Balthazar na Joseph Mulenga.

Nakuomba, msomaji, usikilize moja ya rekodi zao za redio kutoka mwanzo hadi mwisho bila kufanya kazi nyingine. Gitaa la solo hufungua peke yake, kwa sentensi fupi. Gitaa la pili hujibu kwa sauti ya chini kidogo, na besi haiingii mpaka mazungumzo hayo yamekwisha kueleweka. Kisa huimbwa na wawili, mara nyingi bila kupokonyana, na kila mwisho wa ubeti tarumbeta na saksafoni huweka kituo, si kirefu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Dakika ya nne au ya tano hivi jambo hubadilika: tumba huanza kugawanya mapigo mahali pasipo pa awali, gitaa la ridhimu huacha kufuata waimbaji likashika kauli moja na kuirudia, na wimbo waingia chemko. Hapo ala za kupuliza, ambazo tangu mwanzo zilikuwa zikitia vituo tu, zashika usukani. Kauli yao yarudiwa, yaongezwa noti, yarudiwa tena, na yule msikilizaji makini hugundua kwamba kauli hiyo ilikwisha kutajwa kwa siri katika vile vituo vya mwanzo. Huo ndio upangaji. Mtu akisikia dakika tatu za mwanzo atasema ni wimbo wa huzuni. Akisikia tatu za mwisho atasema ni wimbo wa kucheza. Aliyesikia zote ndiye aliyeusikia.

Jambo hilo la kupanga kwa ajili ya watu fulani, kwa sauti ya fulani na kidole cha fulani, ndilo linalowaunganisha viongozi wetu na Ellington kuliko neno Jazz lililoandikwa juu ya ngoma zao. Ellington hakuwatungia wapiga saksafoni kwa jumla, aliwatungia Johnny Hodges na Harry Carney. Na kwa kuwa wanamuziki huzeeka, huhama na hufa, alitaka kusikia alichokitunga wakiwa bado wapo. Ndipo, kwa fedha iliyotokana na haki za nyimbo zake za awali, akawa akikodi studio kwa gharama yake mwenyewe, bila kampuni nyuma yake na bila santuri mbele yake, akarekodi tungo ndefu na kuziweka rili zake katika ghala. Mwaka 1959 alirekodi kwa njia hiyo utungo alioutoa zawadi kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikapigwa santuri moja tu, akapelekewa Malkia. Watu wengine walisubiri mpaka mwaka 1976.

Baada ya kifo chake, kilichotokea tarehe 24 Mei 1974, mwanawe Mercer alizikabidhi nyingi za rili hizo kwa redio ya taifa ya Denmark katikati ya miaka ya 1980, na baina ya mwaka 1987 na 1989 zikatolewa santuri kumi kwa jina la The Private Collection. Humo wapenzi wa jazi walikuta vitu ambavyo wengi hawakujua kwamba vipo. Walikuta sehemu za Black, Brown and Beige alizozirekodi upya katika miaka ya 1960 na mwaka 1971, kama mtu anayerudi tena na tena kwenye shamba alilonyimwa hati. Walikuta muziki wa mwaka 1968 aliotungia filamu juu ya picha za farasi za mchoraji Degas, filamu ambayo haikupata fedha za kumalizika. Na walikuta The River, alioutunga mwaka 1970 kwa ajili ya mwalimu wa dansi Alvin Ailey.

Utungo huu wa mwisho una mahali pa pekee kwa anayeishi Mafia. Ellington aliufuata mto tangu chemchemi yake: maji yatoka, yakimbia, yapinda, yateremka kwa kicheko katika maporomoko madogo, yatulia ziwani, yavutwa katika kizingia, kisha yafika bahari. Aliurekodi na okestra yake Mei na Juni mwaka huo, na mwezi huohuo wa Mei Johnny Hodges alifariki, baada ya miaka mingi ya kukaa katika safu ile ya mbele. Nausikiliza utungo huo mahali ambapo mto Rufiji, uliochukua maji ya mbali bara, wamimina matope yake katika mlango bahari unaotazamana na kisiwa hiki, hata rangi ya maji hubadilika kwa upande wa magharibi wakati wa masika. Na sijapata kusikia ala zikieleza jambo hilo kwa usahihi kama vile, ijapokuwa mtunzi hakupata kuuona Rufiji. Safari yake ya mwisho barani Afrika, Novemba 1973, ilimfikisha Addis Ababa na Lusaka, akapita kando yetu.

Tofauti iliyopo baina ya hazina hizi mbili, ile ya mtu mmoja aliyejilipia na ile ya redio ya nchi iliyokuwa changa, ni kubwa kwa mali na kwa mazingira. Lakini asili yao ni moja, kwani zote mbili zilijazwa na watu ambao siku ya kurekodi hawakuwa na mnunuzi mlangoni. Ziko tofauti nyingine zenye kusikitisha zaidi. Hazina ya Ellington ilipata mrithi mmoja, ikakabidhiwa, ikachapishwa kwa majina ya wapigaji na tarehe za studio. Ya kwetu, iliyo katika mikono ya Shirika la Utangazaji Tanzania lililoirithi RTD, imeonjwa tu: wachapishaji wa Ulaya na Marekani wametoa mikusanyo michache mizuri, mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulizuka mradi wa Tanzania Heritage Project uliochangisha fedha za kuzihamishia rili katika tarakimu, na vituo vya redio hupiga nyimbo zilezile za zamani zilizozoeleka, lakini wingi wa rili bado haujasikiwa na umma tangu ulipotangazwa mara ya mwisho.

Wala rili hazisubiri. Utepe wa sumaku ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma, ukashikizwa kwa gundi. Na gundi hiyo, hasa katika tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980, hunywa unyevu wa hewa mpaka ikanata. Ukiuweka utepe wa namna hiyo mashinini bila kuutibu, waanza kulia kwa sauti ya kukwaruza, na unga ulio ndani yake sauti ya bendi wabaki juu ya kichwa cha mashine kama vumbi la kahawia, na hapo hakuna wa kuurudisha. Dawa ipo: utepe hukaushwa katika joko dogo la nyuzi hamsini na kitu kwa saa nyingi, ukapata nafuu ya muda, na katika muda huo ndipo unakiliwe. Kazi hiyo haikubali haraka, kwa maana saa moja ya utepe yataka saa moja ya kuusikiliza wakati wa kuunakili, na mashine zenyewe, na mafundi wanaozijua, hupungua mwaka hata mwaka. Hewa ya Dar es Salaam, ambayo ni hewa ya chumvi na unyevu kama ya kwetu, haimhurumii anayechelewa.

Lipo shauri moja ambalo nalipinga kwa moyo wote, nalo ni la wale wanaosema kwamba vijana wa leo hawana subira, basi nyimbo hizo zikitolewa upya zifupishwe. Tulikwisha kuona santuri ilivyofanya. Je, tuifanye kazi hiyo tena kwa hiari yetu, sasa ambapo chombo chenyewe hakitulazimishi? Kama kijana hataki dakika kumi, atazima. Hiyo ni haki yake. Lakini asinyimwe chemko kwa sababu mtu mwingine alikadiria kwamba hatalifikia. Na pale zitakapotolewa, zitolewe kwa majina ya waliopiga, siyo jina la bendi peke yake, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mpigaji na mwimbaji haki katika kazi yake, na mjane wa mpiga tumba hawezi kudai sehemu ya wimbo ambao jina la mumewe halikuandikwa popote.

Hapa ndipo Mafia inaporejea katika habari hii kwa daraja kubwa zaidi ya msikilizaji. Katika miaka ya 1980 redio zenye kinasa sauti zilienea, na kisiwani, kama kwingineko pwani, watu walijiwekea muziki wa dansi katika kaseti za dakika sitini au tisini moja kwa moja kutoka hewani. Kaseti hizo zina kasoro zote zijulikanazo: mtangazaji yuasoma salamu juu ya gitaa la kufungua, ngurumo ya masika yapita katikati ya ubeti, na mwisho wa wimbo umekatwa na mwisho wa utepe. Walakini zina sifa ambayo rili ya studio yaweza kuwa imeipoteza: zina sauti. Wimbo ambao rili yake ilifutwa ili itumiwe kwa kipindi kingine, au iliharibika kabla ya kunakiliwa, huenda umebaki mahali pamoja tu duniani, katika kaseti iliyo ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda huko Jibondo au Bweni, ikiwa na ukungu mweupe pembezoni na jina la wimbo lililoandikwa kwa kalamu ya wino.

Kwa hiyo nawaomba wenye kaseti hizo wasizitupe na wasizipige kwa udadisi katika mashine mbovu. Ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika ya redio, kwa kuwa spika ina sumaku. Jalada lake liandikwe, kwa mkono wowote, mwaka, jina la bendi na jina la aliyerekodi. Na kijana wa nyumba mwenye simu na kinasa sauti kizima azihamishe kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na salamu na ngurumo, bila kukata hata dakika moja. Na Shirika la Utangazaji nalo naliomba, kwa adabu yote inayoistahiki kazi ya watangulizi wake, limalize kunakili rili zilizobaki, lichapishe orodha yake ili wananchi wajue kilichomo, na lipeleke nakala nzima kwenye maktaba za mikoa na wilaya, Kilindoni ikiwa mojawapo.